Mwadhini Asiyeona: Uislamu Unavyowatazama Watu Wenye Ulemavu

Madina ya zama za Mtume Muhammad (s.a.w.) ilikuwa na waadhini wawili wa alfajiri. Wa kwanza, Bilal, aliadhini usiku ungali usiku, ili aliyelala aamke na anayetaka kufunga awahi daku. Wa pili aliadhini alfajiri yenyewe inapoingia, na sauti yake ndiyo iliyokuwa mpaka: ukiisikia, unaacha kula. Mtume aliwaambia watu kwamba adhana ya Bilal isiwazuie, wale na wanywe mpaka wamsikie Ibn Ummi Maktum.

Alfajiri hujulikana kwa macho. Qurani inaieleza kwa mfano wa nyuzi mbili, uzi mweupe unapopambanuka na uzi mweusi. Na Ibn Ummi Maktum, aliyekabidhiwa kuutangaza mpambanuko huo kwa mji mzima, alikuwa haoni.

Aliwezaje? Riwaya ya Bukhari, mkusanyaji mashuhuri wa hadithi, inajibu kwa maneno machache: hakuwa akiadhini mpaka aambiwe, "Kumekucha, kumekucha." Alikuwepo mtu wa kumwambia. Hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa anahitaji kuambiwa, basi kazi apewe mwingine mwenye macho mazima, ingawa Madina haikuwa na uhaba wa watu wa namna hiyo.

Swali la Uislamu na ulemavu hujibiwa mara nyingi kwa sentensi moja, kwamba dini inatuhimiza huruma. Ni kweli, ila ni jibu fupi mno. Katika Qurani, hadithi na vitabu vya fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, mna haki, mna ruhusa, mna wajibu ambao haukuondolewa, na mna rai za wanazuoni zinazogongana. Ninaloliona likichanganywa kila siku ni hili: ruhusa aliyopewa mwenye ulemavu inageuzwa kuwa marufuku. Mtu ameambiwa "si lazima uje", sisi tunasikia "usije". Maisha ya mwadhini huyu yanapita katikati ya mkanganyiko huo, kwa hiyo nitarudi kwake mara kwa mara.

Maneno yenyewe

Qurani haina neno moja linalokusanya kila aina ya ulemavu kama tulilo nalo leo. Inamtaja asiyeona, anayechechemea, asiyesikia, asiyesema, mgonjwa, na mahali pamoja inasema "wenye dhara" kwa ujumla. Jambo hili linaonekana dogo lakini lina matokeo makubwa katika hukumu. Mwanachuoni wa fikihi haulizi kama mtu ni mlemavu. Anauliza ni kitendo gani hasa kimemshinda. Asiyeona anasimama katika sala kama wengine, maana miguu yake ni mizima. Asiyeweza kusimama anasoma Fatiha yote, maana ulimi wake ni mzima. Kila udhuru una kipimo chake wala hauvuki hapo.

Zipo aya zinazowachoma baadhi ya wasomaji wenye ulemavu, na si haki kuzipita kimya. Wanaoikataa haki wanaelezwa kuwa ni "viziwi, mabubu, vipofu". Mtu aliyezaliwa haoni anasikia hivyo, anajiuliza kwa nini hali yake imefanywa lawama. Jibu limo katika Qurani yenyewe, sura ya Al-Hajj, aya ya 46: hakika si macho yanayopofuka, bali zinazopofuka ni nyoyo zilizomo vifuani. Upofu unaolaumiwa umetolewa machoni ukapelekwa kwingine. Anayekemewa ni mwenye macho yake mawili aliyekataa kuona.

Kuhusu majina, sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, inakataza watu kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli. Hata hivyo ukifungua vitabu vya hadithi unakutana na al-A'raj, yaani Kiwete, mpokezi mashuhuri wa hadithi za Abu Huraira, na al-A'mash, mwenye macho dhaifu, na al-Asamm, Kiziwi. Wanazuoni waliruhusu jina la namna hiyo pale ambapo mtu anajulikana kwalo na hakuna nia ya kumshusha; kama analichukia na anaweza kutambulishwa vingine, halifai. Kiswahili nacho kimeyaweka maneno kipofu, kiziwi na kiwete katika umbo la kiti na kisu, na wengi siku hizi wanapenda kusema mtu asiyeona, mtu mwenye ulemavu. Wanaodai waitwe wanavyotaka wenyewe wana hoja ya kidini mkononi, si ya adabu tu.

Uso uliokunjwa

Sura ya 80 inaanza hivi: "Alikunja uso na akageuka, kwa sababu alimjia asiyeona." Kisa ni cha Makka. Mtume alikuwa na wakubwa wa Makuraishi, akitaraji kwamba wakisilimu watu wengi watawafuata. Ibn Ummi Maktum akaingia akiomba kufundishwa, akakata mazungumzo, kwa kuwa hakuwaona waliokaa pale. Mtume akakunja uso. Aya zikashuka kumkosoa: unajuaje, huenda huyu akatakasika, ama anayejiona hana haja, huyo ndiye unayemshughulikia.

Kukunja uso hakuna sauti, na aliyekunjiwa hakuwa na macho ya kuuona. Yamkini asingejua kabisa kwamba kuna lililotokea. Ila lilisajiliwa, na likawa sehemu ya Qurani ambayo Mtume mwenyewe aliwasomea watu na wao wakaihifadhi mpaka leo. Wafasiri wamegundua pia kwamba neno "asiyeona" halikutajwa hapo kumdogosha. Limetajwa kumtetea: alikatiza maneno kwa sababu hakuona.

Hapa pana tofauti inayostahili kutajwa. Tafsiri za Kisunni zinasema aliyekunja uso ni Mtume. Wafasiri wengi wa Kishia wanasema ni mtu mwingine aliyekuwepo kikaoni. Kwa rai zote mbili haki ya yule aliyekuja kujifunza inabaki palepale: alitangulizwa mbele ya wenye vyeo.

Baada ya hapo habari zake zinabadilika sura. Al-Baraa bin Azib anasimulia kwamba watu wa mwanzo kufika Madina kabla ya Mtume walikuwa Mus'ab bin Umair na Ibn Ummi Maktum, nao wakawa wakiwasomesha watu Qurani. Anas bin Malik anasimulia kwamba Mtume alimwacha Madina aongoze sala naye haoni. Baadhi ya wanahistoria wanahesabu kwamba aliachiwa mji huo mara 13 Mtume alipokuwa safarini.

Je, ni adhabu?

Wazazi wa mtoto mwenye usonji au mtindio wa ubongo huulizwa swali hili hata bila maneno, kwa jicho tu. Mmefanya nini? Wanaouliza huegemea aya ya 30 ya sura ya Ash-Shura, kwamba misiba inayowapata ni kwa yale yaliyochumwa na mikono yenu. Lakini aya haisomwi peke yake. Qurani inasema pia kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine, na mtoto mchanga hana dhambi hata moja ya kulipia. Inasimulia kwamba macho ya Nabii Yaaqub yaligeuka meupe kwa huzuni, na kwamba Nabii Ayyub aliguswa na madhara mwilini. Adhabu gani hiyo kwa Mitume?

Kisa cha Musa ndicho kinachonigusa zaidi. Alipotumwa kwa Firauna aliomba afunguliwe fundo la ulimi wake wapate kufahamu maneno yake, na akaomba nduguye Harun awe pamoja naye kwa kuwa ana ufasaha zaidi. Hakuambiwa kwamba basi kazi haimfai. Alipewa msaidizi. Na katika Qurani nzima, anayesimama kumkejeli Musa kwamba karibu hawezi kusema kwa ufasaha ni Firauna.

Kwa hiyo neno ambalo wanazuoni wengi wanalitumia ni mtihani, na mtihani si hukumu ya kosa. Hadithi iliyopokewa na Bukhari inasema Mwenyezi Mungu amesema: nikimtia mja wangu mtihani katika vipenzi vyake viwili, yaani macho, naye akasubiri, nitambadilishia kwa Pepo. Tatizo linakuja neno "subira" linapotumika kumnyamazisha mtu, kana kwamba aliyeahidiwa Pepo hana haki ya kuomba kitu hapa duniani.

Hebu tumtazame mwanamke aliyekuja kwa Mtume akiwa na kifafa. Alisema: mimi huanguka, na nguo zinanifunuka, niombee. Mtume akampa hiari mbili: ukitaka usubiri upate Pepo, na ukitaka nikuombee upone. Akajibu: nitasubiri, lakini niombee nisifunuke. Akamwombea hilo. Aliulizwa, akachagua mwenyewe, kisha akaongeza lake ambalo halikuwemo katika hiari zile mbili. Lililomuuma kuliko ugonjwa ni kuaibika mbele za watu, na hilo ndilo alilolitaka liondoke.

Hadithi hii imetufikia kupitia kwa Ataa bin Abi Rabah. Ibn Abbas alimwambia, "Nikuonyeshe mwanamke wa Peponi?" akamwonyesha mwanamke huyo mweusi. Ibn Abbas mwenyewe alipoteza macho uzeeni. Na Ataa, kwa maelezo ya waandishi wa wasifu wake, alikuwa mtu mweusi, mwenye jicho moja, mkono uliopooza na mguu wenye kuchechemea, kisha mwishoni akawa haoni kabisa. Huyo ndiye aliyekuwa mufti wa Makka, ikatangazwa wakati wa Hija kwamba asitoe fatwa mtu isipokuwa yeye.

Ruhusa na mipaka yake

Aya ya 61 ya sura ya An-Nur inasema hapana lawama kwa asiyeona, wala kwa kiwete, wala kwa mgonjwa, kisha ikaendelea kuzungumzia kula katika nyumba za jamaa na marafiki. Kwa nini ulemavu na chakula vimewekwa pamoja? Tabari, mfasiri wa Qurani, na wengine wamepokea maelezo kadhaa. Moja linasema watu wa Madina kabla ya Uislamu hawakuwa wakila na watu hawa: asiyeona haoni kipande kizuri, kiwete hawezi kubanana na wenzake, mgonjwa hali sawa na mzima. Jingine linasema wenye ulemavu wenyewe walijitenga wasije wakawakirihisha wengine. La tatu linasema waliokwenda vitani waliwaachia funguo za nyumba zao, nao wakaona haya kula humo. Maelezo yote yanafikia sahani moja. Watu wale wamerudishwa kula na wenzao.

Katika ibada kanuni ni ile ya mwisho wa Al-Baqara, kwamba Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake. Imran bin Husain, aliyekuwa na bawasiri, aliambiwa: swali umesimama, usipoweza, umekaa, usipoweza, kwa ubavu. Mafakihi wakajenga juu ya hapo. Aliyekatwa mkono anaosha kiungo kilichobaki katika sehemu ya udhu; kama umekatwa juu ya kiwiko, wajibu wa kuosha mkono ule umeanguka. Asiyeweza kujizuia mkojo, kwa rai ya wengi, anatawadha kila wakati wa sala unapoingia na anaswali hata ukitoka. Anayeswali kwa ishara anainamisha kichwa zaidi katika sijida kuliko rukuu. Bibi Ummu Salama alipokuwa mgonjwa aliruhusiwa kutufu Al-Kaaba amepanda mnyama, nyuma ya watu, na hadithi hiyo inatajwa leo kwa wanaotufu kwa kiti cha magurudumu. Juu ya yote, mwenye kuzuiwa na maradhi anaandikiwa mfano wa amali alizokuwa akizifanya alipokuwa mzima.

Sehemu ngumu ni sala ya jamaa, kwa sababu ziko hadithi mbili zinazoonekana kupingana. Itban bin Malik, aliyekuwa akiwaongoza watu wake katika sala, alimweleza Mtume kwamba macho yake yamedhoofu na bonde hujaa maji mvua inaponyesha, hawezi kufika msikitini. Akamwomba aje aswali nyumbani kwake, apafanye pale mahali pa kuswalia. Mtume alikwenda pamoja na Abu Bakr jua lilipopanda. Hakukaa hata akauliza, "Unapenda niswali wapi katika nyumba yako?" Akaonyeshwa pembe, akaswali rakaa mbili, kisha wakamzuia ale chakula walichomwandalia.

Hadithi ya pili, katika Sahihi Muslim, ni ya mtu asiyeona aliyesema hana wa kumwongoza msikitini. Akaruhusiwa. Alipogeuka kuondoka akaitwa: "Unasikia wito wa sala?" Akasema ndiyo. Akaambiwa, "Basi itikia." Riwaya ya Abu Dawud inasema mtu huyo alikuwa Ibn Ummi Maktum.

Wanazuoni wamezisuluhisha kwa njia tofauti. An-Nawawi anaona kwamba huyu wa pili alikuwa akiuliza kama ataswali nyumbani na bado apate fadhila ya jamaa, akajibiwa hapana. Wengine wanatazama hali ya kila mmoja: mafuriko ya Itban ni udhuru ulio wazi. Kuhusu Ijumaa, Abu Hanifa alisema si wajibu kwa asiyeona hata akiwa na wa kumwongoza, wakati wanafunzi wake wawili, pamoja na madhehebu mengine, walisema akipata mwongozaji inamlazimu. Mimi nikizisoma pamoja naona kila mmoja amejibiwa kwa alilolihitaji. Mmoja alifuatwa nyumbani kwake na Mtume. Mwingine aliitwa aje. Hakuna aliyeachwa.

Halafu kuna tukio la aya ya 95 ya sura ya An-Nisaa. Zaid bin Thabit alikuwa akiandika yaliyoteremka: hawawi sawa waumini wanaokaa nyuma na wanaopigana katika njia ya Mwenyezi Mungu. Ibn Ummi Maktum akaja akasema, kama ningeweza ningepigana. Zaid anasimulia kwamba paja la Mtume lilikuwa juu ya paja lake, na wahyi uliposhuka tena lilikuwa zito hata akahofia lake litavunjika. Yalishuka maneno machache: "wasiokuwa wenye dhara." Yakatiwa katikati ya aya iliyokwisha andikwa. Walikuwa wakiandika juu ya mfupa wa bega la mnyama, na Zaid alisema ni kama bado anapaona pale alipoyaongeza, penye ufa wa mfupa.

Akili

Kalamu imeondolewa kwa watatu, inasema hadithi mashuhuri, na mmoja wao ni aliyepungukiwa na akili mpaka apate fahamu. Haandikiwi dhambi. Lakini kalamu kuondolewa hakumfanyi awe si mtu mbele ya sheria. Mafakihi wanatenganisha uwezo wa kuwa na haki na uwezo wa kutenda: mtu mwenye ulemavu mkubwa wa akili anarithi, anamiliki, mali yake haiguswi ila kwa maslahi yake. Qurani inamtaka msimamizi wake aandikishe deni kwa uadilifu kwa niaba yake, na kuhusu wasioweza kusimamia mali inasema walisheni humo, wavisheni, na semeni nao maneno mema. Si wengi wanaokumbuka kwamba maneno mema ni sehemu ya amri hiyo.

Anas anasimulia juu ya mwanamke wa Madina ambaye "akilini mwake mlikuwa na kitu". Alimwambia Mtume: nina haja nawe. Akamjibu, "Ewe mama wa fulani, tazama njia yoyote uitakayo, nikutimizie haja yako." Akasimama naye pembeni mwa njia mpaka akamaliza. Haja yenyewe haikutajwa. Waliopokea hadithi hawakuona lazima kutuambia kama lilikuwa jambo la maana.

Umma wa kusikiliza

Elimu ya Kiislamu imejengwa juu ya sikio: unasikia kwa mwalimu, unahifadhi, unamsomea naye akusahihishe. Ndiyo maana wasioona walipata nafasi kubwa humo. Ash-Shatibi, aliyezaliwa Andalusia na kufariki Cairo mwaka 1194, alikuwa haoni, na utenzi wake wa beti 1,173 juu ya visomo saba vya Qurani bado unahifadhiwa na wanafunzi wa fani hiyo. As-Safadi, aliyefariki mwaka 1363, aliandika kitabu kizima cha wasifu wa watu mashuhuri wasioona. Humo anamtaja Zainuddin al-Amidi wa Baghdad, aliyekuwa akifanya biashara ya vitabu: kila alichonunua alisokota kipande cha karatasi kikawa na umbo la herufi za bei yake, akakibandika ndani ya jalada, apate kuisoma kwa kidole. Ni karne kadhaa kabla ya nukta nundu. Karibu na zama zetu, Abdulaziz bin Baz, aliyepoteza macho akiwa kijana, alikuwa Mufti Mkuu wa Saudi Arabia kuanzia 1993 hadi kufariki kwake 1999.

Asiyesikia hakupata bahati hiyo. Majina ya viziwi wa kuzaliwa katika vitabu vya wasifu ni haba mno, na sababu ni hiyohiyo ya sikio. Wanazuoni walijadili kama aliyezaliwa hasikii wala haoni, asiyefikiwa na ujumbe kwa njia yoyote, ana wajibu wowote wa kidini. Wengi walisema hana. Ni rehema, ila ni rehema iliyoipa jamii kisingizio cha kutotafuta njia ya kumfikia.

Kwenye sheria za mikataba hali ni nzuri zaidi. Mafakihi walikubali ishara za bubu katika kuuza, kuoa na kutaliki. Majalla, sheria ya madai ya dola ya Uthmaniya iliyotungwa kati ya 1869 na 1876, iliweka kanuni hiyo katika kifungu cha 70: ishara zinazojulikana za asiyesema ni kama ubainifu wa ulimi. Na katika Musnad ya Imam Ahmad, Abu Dharr anapokea orodha ya sadaka ambayo ndani yake mna kumwongoza asiyeona, na kumfahamisha asiyesikia na asiyesema "mpaka aelewe". Sadaka hiyo haikamiliki kwa kumpungia mkono na kupita. Khutba ya Ijumaa ya Msikiti Mtukufu wa Makka siku hizi hufasiriwa kwa lugha ya alama. Misikiti mingi duniani haina mkalimani hata wa Idi.

Hazina ya umma na rai zinazobana

Zamani jambo hili halikuachiwa sadaka za mlangoni peke yake. Abu Yusuf, kadhi aliyefariki mwaka 798, anasimulia kwamba Sayyidna Umar alimkuta mzee wa Kiyahudi asiyeona akiombaomba, akamshika mkono akampeleka nyumbani kwake, akampa alichokuwa nacho, kisha akamtuma kwa msimamizi wa Baitul Mali, hazina ya umma, apangiwe fungu yeye na walio mfano wake. Alisema si uadilifu kula ujana wake kisha kumtupa uzeeni. Khalifa al-Walid bin Abdulmalik, aliyetawala 705 hadi 715, aliwapangia wenye ukoma posho akawaambia wasiombe watu, akampa kila asiyejiweza mtumishi na kila asiyeona mwongozaji. Hospitali za wakfu, kama ile ya Nuruddin huko Damascus ya mwaka 1154 na ya Qalawun huko Cairo ya 1284, zilikuwa na nafasi ya wagonjwa wa akili.

Itakuwa si uaminifu nikiishia kwenye mazuri. Vitabu vya fikihi vina rai zinazombana mwenye ulemavu. Wengi walishurutisha kuona, kusikia na kusema kwa anayekuwa kadhi au khalifa. Hanafi, yaani wafuasi wa madhehebu ya Abu Hanifa, hawakubali ushahidi wa asiyeona, Malik, mwanzilishi wa madhehebu mengine, anaukubali katika yanayosikika. Kuhusu uimamu wa sala, Shafii wanamweka asiyeona sawa na anayeona, Hanafi wengi wanaona ni makuruhu, yaani haipendezi, wakitaja kwamba huenda asiione najisi kwenye nguo. Hoja ya najisi ni ya zama na mazingira. Hakuna aya iliyosema hivyo, na aliyeachiwa kuongoza sala Madina nzima alikuwa haoni. Katika ndoa, kasoro walizozitaja wengi kuwa zinampa mwenzi hiari ya kuvunja mkataba ni chache na zinahesabika, na upofu au uchechemeaji haumo. Mzazi anayemkataa mchumba wa bintiye kwa mguu wake hana madhehebu ya kumkinga.

Masuala mapya yanaendelea kujibiwa. Mbwa mwongozaji aliwashughulisha wanazuoni kwa sababu Shafii wanamhesabu mbwa kuwa najisi, Malik anamwona si najisi. Mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester, Uingereza, ulimpokea kijana asiyeona na mbwa wake, mnyama akitengewa mahali pa kupumzika penye lango. Msahafu wa nukta nundu upo, na wanajadili kama kuugusa kunahitaji udhu. Magurudumu ya kiti yanafutwa kwa kitambaa na mwenye kiti anaingia. Yaliyo magumu zaidi hayahitaji fatwa hata moja: ngazi kumi na mbili bila mteremko, choo ambacho kiti hakipiti mlangoni, safu ambayo watu hawataki kusogea. Kwa mtu aliyeketi chini ya ngazi hizo akiisikia adhana, swali la "unasikia wito?" linageuka, linatuuliza sisi tuliojenga.

Aya ya An-Nisaa ilikwisha mpa Ibn Ummi Maktum udhuru wa vita, tena ilishuka kwa ajili yake. Hakuna ambaye angemlaumu kubaki nyumbani. Wanahistoria wanasimulia kwamba alikuwa akisema: nipeni bendera, mimi sioni, siwezi kukimbia, nisimamisheni kati ya safu mbili. Miaka baada ya Mtume kufariki, siku ya vita vya Qadisiyya, Anas bin Malik alimwona amevaa deraya, na bendera nyeusi mkononi.